Kompyuta ndogo nyuma ya TV: inafanya kazi gani, na ipi inakutosha

Mtu anatoka Majengo, hapa Dodoma, na flashi iliyojazwa muvi. Anaichomeka kwenye TV, anafungua ya kwanza, inacheza. Ya pili picha inakwenda lakini kimya, na kwenye kona ya skrini kuna ujumbe kwamba sauti haitambuliki. Ya tatu haifunguki kabisa. Anamlaumu aliyemwekea muvi, aliyemwekea anailaumu TV, na TV haina wa kuisemea.

Mara nyingi hakuna mwenye kosa hapo. Faili la video lenye jina linaloishia na .mkv au .mp4 ni kapu tu. Ndani yake kuna picha, kuna sauti, pengine na maandishi ya tafsiri, na kila kimoja kimefinywa kwa mbinu yake ili kisijaze diski. Mbinu hizo ndizo kodeki. Upande wa picha utakutana zaidi na H.264, iliyotoka 2003, na H.265 ya 2013, ambayo hutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa wa faili. Upande wa sauti kuna AAC, Dolby na DTS. TV hufumbua kodeki zile tu ambazo mtengenezaji alizitia ndani na kuzilipia leseni, na DTS ni mojawapo ya zinazoachwa mara nyingi. Ndiyo maana muvi moja inasikika na nyingine imenyamaza, ingawa zote ni .mkv na zimetoka kwenye flashi ileile.

Ukiweka kompyuta ndogo kati ya faili na TV, TV inabaki na kazi moja: kuonyesha picha inayoletwa na waya wa HDMI. Kufumbua kunafanywa na kompyuta, na programu za bure zilizopo leo zinafumbua karibu kila kodeki utakayokutana nayo. Faida nyingine zote, kama mabango mazuri ya filamu, kukumbuka ulipoishia au kutazama kwenye simu, zinakuja baada ya hiyo.

Kazi tatu zinazochanganywa

Sikiliza maswali ya wanaotaka kuanza, utaona wanauliza mambo matatu kwa mpigo. Kuna kuhifadhi, yaani mafaili yanakaa wapi. Kuna kuonyesha, yaani kitu gani kinafumbua faili na kulipeleka kwenye skrini. Halafu kuna kugawa: kuyatoa mafaili kwenye diski moja na kuyapeleka kwenye simu, tableti au TV ya chumba kingine kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Mashine moja inaweza kufanya yote matatu, ila si lazima, na ukijua unahitaji ipi utaokoa pesa.

Programu maarufu ya kuonyesha ni Kodi. Ilianza 2002 kwenye mashine ya michezo ya Xbox, baadaye ikaitwa XBMC, na jina la Kodi ikalipata 2014. Ni ya bure na haina filamu ndani. Inaonyesha ulichonacho wewe. Programu za kugawa zinazojulikana ni Plex na Jellyfin. Jellyfin ni ya bure kabisa, ilijitenga na Emby, programu nyingine ya kugawa, mwishoni mwa 2018, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu asiyetaka kufungua akaunti ya kampuni ili atazame video za nyumbani kwake.

Familia yenye TV moja sebuleni, tuseme Kisasa au Nkuhungu, inahitaji Kodi na diski, basi. Kugawa hakuna maana pale ambapo kuna skrini moja. Watoto wakianza kudai katuni kwenye tableti chumbani huku baba anatazama mpira, hapo ongeza Jellyfin kwenye mashine ileile. Na mtu ambaye kutazama kwake kote ni Netflix na YouTube, mimi ningemwambia asinunue kompyuta kabisa. Huduma za kulipia hufungua picha ya ubora wa juu kwa vifaa vilivyoidhinishwa tu, na kompyuta yenye Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, haimo kwenye orodha ya 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya HD kamili. Simati TV nzuri au kifaa halali cha Android TV kitamfaa zaidi, kwa bei ya chini.

Sasa jambo ambalo limewakatisha wengi tamaa bila sababu: bando. Kuna imani kwamba ukitazama muvi kutoka kwenye diski ya sebuleni kwa kupitia Wi-Fi, bando linaliwa. Haliliwi. Rauta ina kazi mbili: kuunganisha vifaa vya ndani ya nyumba vyenyewe kwa vyenyewe, na kuviunganisha na dunia ya nje. Bando linahusika na hiyo ya pili peke yake. Faili likitoka kwenye diski kwenda kwenye tableti, linapita ndani ya rauta na kuishia humohumo, hata kama kifurushi kimekwisha tangu juzi. Kinachohitaji intaneti ni kusakinisha programu, kuzisasisha na kuvuta picha za mabango. Kwa mji ambao watu wengi wanaishi kwa vifurushi vya wiki, hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na maktaba yako ndani.

Kasi ya Wi-Fi nayo isikutishe. Filamu ya dakika 100 yenye ukubwa wa GB 2 inapita kwa wastani wa megabiti 2.7 kwa sekunde. Rauta yoyote inaimudu. Shida huanza na filamu za 4K zilizonakiliwa kutoka kwenye diski halisi bila kufinywa upya, zinazoweza kuzidi megabiti 50 kwa sekunde. Hizo zikipita kuta mbili za tofali kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz zitakwama. Dawa ni waya wa mtandao, au kuichomeka diski kwenye mashine iliyo nyuma ya TV yenyewe.

Mashine ipi

Wauzaji wanapenda kukutajia RAM. Kwa kazi hii RAM ni jambo la mwisho: GB 4 zinatosha Kodi na kubaki. Cha kuuliza ni kama chipu ina sehemu maalumu ya kufumbua kodeki unazozitumia. Ikiwa nayo, filamu ya 4K inacheza huku mashine imetulia na feni haisikiki. Ikikosekana, prosesa kuu inabeba mzigo wote, inapata moto, na picha inaanza kukwamakwama.

Raspberry Pi ndiyo jina linalotajwa kwanza. Ni kompyuta ya ubao mmoja kutoka Cambridge, Uingereza, iliyotoka mara ya kwanza 2012. Toleo la 4, la 2019, linafumbua H.265 hadi 4K na H.264 hadi 1080p (HD kamili), na lina tundu la sauti ambalo pia hutoa picha ya analogia, kwa hiyo hata TV ya chogo iliyobaki chumba cha wageni inaweza kutumika ukiwa na waya sahihi na ukibadilisha mipangilio. Toleo la 5, la 2023, lina nguvu zaidi lakini limeondolewa tundu hilo la sauti na pia sehemu ya kufumbua H.264, hilo la pili halina madhara makubwa kwa sababu prosesa yake inaimudu 1080p bila taabu. Uzuri wa Pi ambao kompyuta nyingi hazina ni CEC: amri za rimoti ya TV hupita kwenye waya wa HDMI na kuiongoza Kodi. Samsung huita kitu hicho Anynet+, LG huita Simplink, Sony huita Bravia Sync. Mara nyingi kimezimwa kwenye menyu ya TV, kiwashe.

Ubaya wa Pi ni umeme wake. Toleo la 5 linataka volti 5 na ampea 5. Mtu anaichomeka chaja ya simu ya wati 65 akidhani amezidisha, kumbe chaja hiyo inafikia wati hizo kwa kupandisha volti hadi 9 au 20. Kwenye volti 5 inatoa ampea 3 tu. Pi itawaka, ila itabana umeme wa matundu ya USB hadi miliampea 600, na diski ya nje isiyo na chaja yake itaanza kulia tik-tik na kujizima. Toleo la 4 nalo, ukilichomeka kwa waya mwembamba mrefu, litaonyesha alama ya radi ya njano kwenye kona ya juu ya skrini. Alama hiyo inasema volti zimeshuka; usiipuuze.

Ukishajumlisha ubao, chaja yake halisi, kava, kadi ya kumbukumbu na usafiri, bei ya Pi inakaribia ya kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika. Hapo mimi nahamia upande wa pili. Kompyuta kama Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini zinalingana na kitabu kinene, zinakuja na diski ndani na tundu la sauti mbele. Soma namba ya prosesa: kwenye i5-6500T, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni kizazi, hapa cha 6, na herufi T maana yake ni ya umeme mdogo. Tafuta kizazi cha 7 kwenda juu, kwa sababu ndicho kinachofumbua kikamilifu H.265 ya biti 10, ambayo imejaa kwenye mafaili madogo ya siku hizi. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 au zaidi, kwa hiyo ofisi nyingi hazizihitaji tena mashine hizo. Kwa Kodi juu ya Linux umri huo si kitu.

Kabla ya kulipa, geuza mashine uangalie matundu. HP nyingi za aina hii zina DisplayPort tu, na utahitaji kibadilishi cha kwenda HDMI. Zenye HDMI, nyingi ni toleo la 1.4, ambalo kwenye 4K hufikia picha 30 kwa sekunde. Kwa TV ya kawaida ya 1080p hutaona tofauti. Hakikisha pia umepewa chaja yenyewe. Zina volti na vichwa vyake, na kuitafuta peke yake baadaye inachosha.

Kwa anayetaka mpya, mashine zenye chipu ya Intel N100, iliyotoka 2023, ndizo za kutazama. Zinatumia umeme kidogo na zinafumbua hata AV1, kodeki ambayo YouTube inaitumia sana.

Kuna na vile visanduku vya Android vya bei ya chini vilivyoandikwa 8K kwenye boksi, bila jina la mtengenezaji unayeweza kumfuatilia. Sivipendekezi, na sababu si ubora wa picha. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani, vingi vikiwa vya aina hii, vilivyoingizwa programu za kihalifu, vingine kabla hata ya kumfikia mnunuzi. Kisanduku kinaonyesha mpira vizuri huku kinatumia intaneti yako kwa kazi za watu wengine. Hilo ndilo bando linaloliwa kweli.

Kusakinisha, na kazi ya majina

Usakinishaji wenyewe ni mfupi. Unashusha LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi peke yake, unauandika kwenye flashi kwa programu yao, unaichomeka kwenye mashine na kuwasha huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP, ili uchague flashi. Jibu maswali, subiri dakika chache. Kumbuka tu kwamba ukikubali kusakinisha, diski ya ndani inafutwa yote, pamoja na Windows na chochote kilichobaki. Kama unataka mashine ibaki na Windows kwa kazi za shule za watoto, sakinisha Kodi juu yake kama programu nyingine yoyote.

Sehemu inayokula muda ni mafaili. Kodi hutambua filamu kwa kusoma jina la faili au folda, kisha inaenda kwenye hifadhidata ya intaneti kuchukua bango, maelezo na majina ya waigizaji. Jina likiwa limejaa namba na matangazo ya aliyelisambaza, itachukua filamu nyingine kabisa. Mpangilio unaofanya kazi ni folda moja kwa kila filamu, jina likifuatiwa na mwaka kwenye mabano. Tamthiliya zinakaa kwenye folda yao, na kila sehemu inaandikwa S01E04, yaani msimu wa kwanza, sehemu ya nne. Filamu na tamthiliya zisikae folda moja, maana unaiambia Kodi mapema folda hii ni ya nini.

Filamu za Bongo zinaleta mtihani wake. Nyingi hazimo kwenye hifadhidata hizo, na zilizomo mara nyingi hazina bango. Usihangaike kuilazimisha Kodi izitafute. Weka folda yake pekee, iambie Kodi itumie maelezo yaliyopo ndani tu, kisha tia picha ya bango yenye jina poster.jpg kwenye folda ya kila filamu. Picha ya kava uliyoipiga kwa simu inatosha. Kando ya video andika pia faili dogo la maandishi lenye mwisho wa .nfo, lenye jina la filamu na, ukitaka, muhtasari; bila hilo Kodi haitaiingiza filamu kwenye maktaba yake. Inachosha kwa filamu mia, ila kwa kumi na tano unazozipenda ni kazi ya jioni moja.

Zile muvi zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja juu ya filamu ya Kikorea au Kihindi zina tatizo tofauti: Kodi itazitambua kama za asili na kuchanganya nakala mbili. Ongeza neno baada ya mwaka, au zitenge. Na tusijidanganye kuhusu flashi za kujaziwa madukani: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kunakili kazi yake, na dukani hapo hakuna senti inayomfikia. Ukinunua halali filamu ya msanii wa hapa, maktaba yako haitofautiani kiufundi na ya mtu mwingine yeyote.

Picha inayoruka kidogo, sauti isiyosikika

Baada ya wiki moja ya furaha, wenye macho makali hulalamika: kamera ikizunguka polepole kwenye mandhari, picha inaruka-ruka. Wanadhani mashine haina nguvu. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kompyuta huipelekea TV picha 60. 60 haigawanyiki kwa 24, kwa hiyo picha moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na jicho linaona huo mchechemeo. Kodi inaweza kuiambia TV ibadilike iende na kasi ya filamu, lakini kipengele hicho kimezimwa tangu mwanzo. Kiko kwenye mipangilio ya kichezaji, upande wa video. Kama hukioni, pandisha ngazi ya mipangilio kwa kubonyeza alama ya gia chini kushoto. Chagua kifanye kazi video inapoanza na inapoisha. Skrini itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili mwanzoni mwa filamu, na hiyo ni kawaida.

Sauti ina malalamiko yake: mabomu yanatikisa madirisha, waigizaji wakiongea unanyanyua rimoti. Filamu imerekodiwa kwa njia 6 za sauti, na mazungumzo yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Wewe una TV au sabufa yenye spika mbili, hiyo ya katikati haipo, na sauti yake inagawanywa kwa unyonge kushoto na kulia. Kwanza, kwenye mipangilio ya sauti iambie Kodi una njia 2.0, na uzime ile ya kupitisha sauti bila kuifumbua; ikibaki imewashwa, DTS itapelekwa kwa TV isiyoijua na utarudi kwenye ukimya ulioukimbia. Halafu filamu ikiwa inacheza, fungua menyu ya sauti, pandisha kiwango cha sauti ya katikati kwa desibeli chache. Sabufa ichomekwe kwenye tundu la sauti la kompyuta au la TV kwa waya wa nyekundu na nyeupe. Upande upi haijalishi, ila ukiichomeka kwenye TV utabaki na rimoti moja ya kupunguza sauti kwa kompyuta na king'amuzi pamoja.

Nimetaja king'amuzi kwa sababu kinabaki. TBC, ITV na mpira wa moja kwa moja vitaendelea kuja kwa njia yake, kwenye tundu jingine la HDMI.

Umeme, joto na vumbi la Dodoma

Kompyuta ndogo inayotumia wati 10 ikiachwa wazi mchana na usiku inakula uniti 7.2 za LUKU kwa mwezi. Si nyingi, na hiyo ni kwa asiyezima kabisa. Gharama kubwa ya umeme iko kwenye kukatika kwake.

Umeme ukikatika wakati mfumo unaandika kitu, kadi ya kumbukumbu ya Pi inaweza kuharibika mafaili na mashine isiwake tena. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ni imara zaidi, ndiyo sababu nyingine ya kupenda zile za ofisi. Diski ya filamu nayo inategemea ilivyofomatiwa. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo filamu kubwa haziingii. exFAT inapokea, lakini haina daftari la kumbukumbu la kurekebisha makosa baada ya kuzimika ghafla. NTFS na ext4 zinalo. Kama diski yako inahama kati ya laptopu yenye Windows na sebule, NTFS ni chaguo la busara. Kama haitoki nyuma ya TV, ext4.

Ndani ya BIOS ya mashine za ofisi, yaani menyu ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, kuna mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi. Uweke iwake yenyewe, hasa kama mashine imefungwa mahali pasipofikika kwa kidole. Na kwa kuwa umeme unaporudi huja na mshtuko, ipitishe kwenye kile kifaa cha kulinda TV kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, au UPS ndogo, yaani betri ya dharura.

Wenye sola, hasa vijijini Chamwino na Bahi, wana njia fupi. Mashine nyingi za N100 hutumia volti 12, sawa na betri, lakini usiziunge moja kwa moja: betri ya asidi inapochajiwa mchana hupanda kupita volti 14. Weka kati yake kirekebishi kinachotoa 12 zilizotulia. Kwa Pi, kirekebishi cha kushusha hadi 5.

Kiangazi cha hapa, kuanzia Mei hadi Novemba, upepo unaingiza vumbi jekundu hata palipofungwa. Feni ya kompyuta inalivuta na kulibandika kwenye mapezi ya shaba au alumini, hewa inaziba, na mashine inapunguza kasi yake ili isiungue. Pi 4 huanza kufanya hivyo ikifika nyuzi 80. Dalili ni filamu iliyocheza vizuri Machi kukwama Septemba. Fungua kifuniko, shika feni kwa kidole isizunguke, piga vumbi kwa brashi ya rangi iliyo kavu na mpya, kisha pulizia. Kwenye Tiny na Micro ni skrubu moja tu nyuma. Na usiifungie ndani ya kabati la TV lenye milango, hata kama inapendeza zaidi machoni.

Harusi, send-off na kwaya

Kwa maoni yangu matumizi bora ya mashine hii ni haya, na ndiyo yanayosahaulika. Karibu kila nyumba ina bahasha ya DVD: harusi, send-off, kipaimara, kwaya ya kanisani, ngoma ya muheme kwenye sherehe ya kijijini. Nyingi ni za kuchomwa, si za kiwandani, na rangi inayobeba data kwenye diski za namna hiyo hufa kwa joto na jua.

Ichomeke DVD kwenye kompyuta yenye tundu lake na unakili folda ya VIDEO_TS nzima, yenye vipande vya karibu GB 1 kila kimoja. Kodi inaicheza hivyohivyo, pamoja na menyu yake. Iliyokwaruzika ikikataa kunakilika, programu ya ddrescue kwenye Linux hurudia-rudia sehemu mbovu na kuokoa inachoweza. Usiifinye upya ili kuokoa nafasi: picha ya DVD ni pikseli 720 kwa 576, ndogo tayari, na diski ya TB 1 inabeba DVD zaidi ya 200 zilizojaa. Ukiona mistari mlalo watu wanapocheza, video ilipigwa kwa mistari ya kupishana. Iambie Kodi iiondoe, kipengele kipo kwenye menyu ya video.

Folda hiyo iingize Kodi bila kuipangia aina yoyote, ionekane kama mafolda tu, maana hakuna hifadhidata itakayoijua harusi ya shangazi. Diski ya muvi ikiharibika, muvi utazipata tena. Video hizi za familia ziwekee nakala kwenye diski ya pili, na diski hiyo isikae nyumba moja na ya kwanza. Mpe ndugu aliye Kondoa au Singida, uwe unaongezea mafaili mapya kila mkikutana sikukuu.